Kibanda cha video, Arua, Uganda: vita vya Angola kwa shilingi elfu moja

Viti havipo. Kuna mabenchi ya mbao yasiyo na egemeo, na aliyechelewa hukalia kreti la soda. Feni ni moja, nayo imeelekezwa kwa VJ, yule msimulizi wa filamu. Nayasema mapema ili nikianza kusifu msidhani nimelipwa.

Siku za katikati ya wiki, mchana, kabla mpira haujateka ukumbi, mwenye kibanda huonyesha filamu za historia, na VJ anasimulia kwa Kiswahili papo hapo. Mimi nafundisha historia sekondari, nikawapeleka wanafunzi wa S.6, mwaka wa mwisho, wakaone ya Angola.

Kijana yule ana kipaji. Mwaka 1975 Wareno wanafungasha virago, naye keshawapanga watu wa vyama vitatu vinavyogombea nchi: "Huyu MPLA, nyuma yake Mrusi na Mkuba. Yule UNITA, nyuma yake Mmarekani na Kaburu. FNLA huyo anakuja, Mobutu wa Zaire kamshika mkono." Mimi hilo linanila vipindi viwili, na bado kuna anayesinzia.

Lakini Cabinda, jimbo la Angola lenye mafuta, ndiyo iliyonilipa ada yangu. Alisimamisha picha kabisa. Mafuta, akasema, yanachimbwa na kampuni ya Marekani. Pesa yake inailisha serikali ya MPLA. Na wanaolinda mitambo ni askari wa Kuba, wanaikinga dhidi ya UNITA, ambayo tangu 1986 inapewa makombora ya Stinger, ya kutungulia ndege, na Marekani hiyohiyo. Watu wakapiga kelele. Mzee mmoja akauliza, "Sasa adui wa nani ni nani?" VJ akajibu, "Muulize mwenye kisima, mzee."

Kilichoniudhi ni mapigano ya Cuito Cuanavale, kusini mwa Angola. Alipayuka kama mtangazaji wa mpira, akatangaza Mkuba kashinda, akazima mashine. Mapigano yale ya 1987 na 1988 hadi leo kila upande unadai ni wake. Wala hakugusa mkataba wa New York wa Desemba 1988, uliowaondoa Wakuba na kuifungulia Namibia njia ya uhuru. Wanafunzi wangu wakatoka wakiamini vita viliishia pale. Savimbi, kiongozi wa UNITA, aliuawa Februari 2002! Umoja wa Kisovieti ulikuwa umeshavunjika zaidi ya miaka kumi, wakubwa wamekwenda zao, na Waangola bado wanauana.

Tena aliruka kikao cha OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, Addis Ababa, Januari 1976: nchi 22 zinaitaka MPLA itambuliwe, 22 zinataka serikali ya mseto, na mwenyekiti ni Idi Amin. Hapa kwetu West Nile, kwao Amin, nani angesinzia ukitaja hilo?

Sauti ni safi, jenereta liko mbali. Ada 1,000, mwenye yunifomu 500. Filamu inayofuata ni ya Korea, na nitawapeleka. Nimemwomba VJ aniachie maikrofoni dakika chache mwishoni. Kasema nije na soda mbili.