TRC ya RAV4 kwenye tope la Bukavu

Kwenye lami iliyolowa, TRC (mfumo wa kuzuia magurudumu yasiteleze unapoongeza mafuta) ya Toyota RAV4 ya kizazi cha tatu (2006–2012) ni ya kutegemea kabisa. Kwenye tope zito inakukwamisha, na dereva asiyejua sababu huishia kuilaumu injini.

Pedali ya mafuta ya gari hili haina kebo. Mguu unatoa ombi tu. Kompyuta ndiyo inayofungua kipepeo cha kupitisha hewa. Sensa za ABS (mfumo wa kuzuia magurudumu yasijifunge ukifunga breki) zinapima mzunguko wa kila gurudumu. Moja likiyazidi mengine ghafla, kompyuta inafunga kipepeo hata kama umekanyaga mpaka chini, na breki inalibana hilo linaloteleza ili nguvu iende kwa mwenzake. Pale Nyawera baada ya mvua utaona taa ya kuteleza kwenye dashibodi ikimweka kidogo na gari likiondoka bila kuyumba. Taa inayomweka si ugonjwa.

Mlima wa udongo kule Kadutu au Bagira ni kazi nyingine. Magurudumu yote yanateleza, nguvu inakatwa, injini inanguruma kwa unyonge na gari linasimama katikati ya mlima. Tope linataka tairi izunguke ijisafishe meno. Kwa hiyo, ukiwa bado chini, bonyeza swichi ya 4WD LOCK, inayounganisha magurudumu ya mbele na ya nyuma (inajiachia ukifika kilomita 40 kwa saa). Kama gari lako lina swichi ya VSC OFF (VSC ni mfumo wa kuzuia gari lisiyumbe), ibonyeze na kuiachia hapo hapo: TRC peke yake inazimika. Ukiishikilia zaidi ya sekunde 3 gari likiwa limesimama, VSC nayo inazimika; usifike huko, VSC iache ifanye kazi. Ukifika lami, rudisha TRC.

Taa ikiganda bila kuzimika, usikubali kuuziwa kompyuta ya ABS kabla kodi za hitilafu hazijasomwa kwa mashine. Toyota huwasha taa ya VSC hata kwa hitilafu ya injini tu, kwa hiyo kama taa ya injini inawaka pia, anzia huko. Kodi ikitaja gurudumu, fungua sensa, ifute tope na vumbi la chuma, ufuate waya wake mpaka mwisho. Mara nyingi umechunika karibu na shokamzoba. Angalia pia tairi: moja mpya kati ya tatu zilizoisha huzunguka polepole kuliko wenzake na kuidanganya kompyuta.

Taa ikianza mara baada ya kubadilisha beringi, shuku fundi ameiweka kinyume. Beringi zenye mkanda wa sumaku zina upande mmoja tu wa kutazama sensa.