Kabla ya Kununua Godoro, Lipandishe Mizanini

Godoro lililonisukuma kuandika mwongozo huu lilikuwa gumu kama ubao siku nilipolinunua. Muuzaji aliligonga kwa ngumi mbele yangu, akaniambia kwamba limetengenezwa kwa ajili ya watu wenye maumivu ya mgongo, nami, kwa kuwa mgongo ulikuwa ukinisumbua, nikalipa bila kuuliza swali lolote la maana. Baada ya miezi kumi na minne lilikuwa na bonde katikati, nikawa nalala kama mtu aliyelazwa ndani ya mtumbwi. Niliporudi dukani na picha, nilijibiwa kwamba godoro "limeuzoea mwili" wangu, jibu ambalo hadi leo silielewi, maana sikununua godoro ili linizoee kwa kudidimia.

Nikafungua zipu, nikaitoa sponji na kuipima. Ilikuwa na urefu wa sentimita 190, upana wa 140 na unene wa 20, yaani mita za ujazo 0.532, na uzito wake ulikuwa kilo 8.5. Ukigawanya unapata kilo 16 kwa kila mita ya ujazo, ilhali sponji ya kawaida inayostahili kulaliwa na mtu mzima kila usiku haipaswi kushuka chini ya kilo 28 au 30. Kwa ujazo wake, godoro langu lilitakiwa kuwa na uzito wa kilo 16 nzima, si 8.5. Nilikuwa nimelipia godoro nikauziwa nusu, na nusu iliyobaki ilikuwa hewa.

Kwa hiyo msomaji asitarajie kuelezwa hapa namna ya kuchagua upana, wala kama alalaye ubavu ahitaji godoro laini kuliko alalaye chali. Hayo yameandikwa mno. Ninalotaka kulishikilia ni moja tu, nalo halitajwi dukani isipokuwa mnunuzi amelichokonoa mwenyewe: msongamano, yaani kiasi cha mali halisi kilichomo ndani ya godoro.

Ugumu na uimara ni vitu viwili

Wasomaji wanaoniandikia kulalamika karibu wote wamefanya kosa nililolifanya mimi, la kubonyeza ugumu na kudhani wamepima uimara. Kiwandani mambo haya hupimwa kila moja kivyake. Ugumu hupimwa kwa nguvu inayohitajika kuibonyeza sponji kwa asilimia 40 ya unene wake, nayo hutajwa kwa nyutoni. Msongamano hupimwa kwa mizani na kutajwa kwa kilo kwa mita ya ujazo. Mtengenezaji anaweza kukupa kimoja bila kingine, na hapo ndipo tunapopigwa.

Sponji ya kawaida ni poliyurethani, jamii ya plastiki ambayo kemia yake ilianzishwa na Otto Bayer na wenzake nchini Ujerumani mwaka 1937. Kimiminika kiitwacho polioli huchanganywa na isosianati, maji kidogo na vichochezi, kisha mchanganyiko humwagwa juu ya mkanda unaotembea. Maji yakikutana na isosianati huzaa gesi ya kaboni dayoksaidi, na gesi hiyo huuumua mchanganyiko kama hamira inavyoumua unga, mpaka ukawa bonge refu lenye kimo cha takriban mita moja. Joto la ndani ya bonge linaweza kupita nyuzi 150 za Selsiasi. Ndiyo maana mabonge mapya hutengwa na kuachwa yapoe usiku kucha au zaidi kabla ya kukatwa, kwa sababu yakirundikwa mapema yanaweza kushika moto yenyewe.

Siri ya godoro langu ilikuwa kwenye yale maji. Maji yakiongezwa, gesi huongezeka na sponji huwa nyepesi, lakini tukio lilelile huzaa pia urea, ambayo huzifanya kuta za vijitundu vya sponji kuwa ngumu. Matokeo yake ni sponji nyepesi inayougomea mkono wa mnunuzi dukani, nayo humpendeza muuzaji kwa kuwa imemeza malighafi kidogo. Kuta zake hata hivyo ni nyembamba. Kila usiku hukunjwa chini ya nyonga, ambako sehemu kubwa ya uzito wa mwili hukaa, na zikishavunjika haziungiki tena. Sponji nzito huweza kuwa laini na bado ikadumu miaka mingi, jambo ambalo ngumi ya muuzaji haiwezi kulionyesha.

Namna ya kupima ni rahisi. Panda kwenye mizani ya kupimia watu ukiwa mtupu mikono, kisha upande tena ukiwa umelikumbatia godoro lililokunjwa, uondoe uzito wako na makadirio ya uzito wa kitambaa, halafu ugawanye kwa ujazo. Mizani hata hivyo ina wadanganyifu wake wawili. Wa kwanza ni unga wa chokaa, ambao viwanda vingine huuchanganya ndani ya sponji ili kuipa uzito. Sponji ya namna hiyo hukatika upesi ikivutwa na haina mruko. Wa pili ni sponji ya mabaki, ile yenye madoadoa ya rangi nyingi, inayotokana na vipande vilivyosagwa na kugandishwa kwa gundi. Uzito wake hupita hata kilo 80, lakini ni uzito wa gundi na makombo, na kazi inayoifaa ni kuwa tabaka la chini tu. Zipu itakuonyesha yote haya kwa dakika moja. Godoro lisilo na zipu, ambalo muuzaji hana hata kipande cha mfano cha kukuonyesha, mimi siligusi.

Nafasi ya kwanza: Tempur

Upendeleo wangu niuseme wazi, nisije nikaambiwa nimeuficha. Ninalala juu ya godoro la kampuni iitwayo Tempur, na iwapo mtu ana uwezo wa kulinunua sioni sababu ya kumpeleka kwingine. Sponji yake ni ile inayopokea umbo la mwili na kurudi polepole, ambayo asili yake ni kazi aliyoifanya Charles Yost kwa ajili ya NASA, shirika la anga za juu la Marekani, mwaka 1966, ikikusudiwa kuboresha viti vya ndege. Kampuni ya Fagerdala ya Sweden ndiyo iliyohangaika na sponji hiyo mpaka ikawa godoro lililoingia sokoni mwaka 1991. Kinachonivuta mimi ni mizani: sponji ya asili ya Tempur huzidi kilo 80 kwa mita ya ujazo, wakati waigaji wengi huuza sponji ya sura hiyohiyo yenye nusu ya uzito huo, na mnunuzi akiibonyeza kwa kiganja hawezi kuona tofauti. Aidha, Tempur huitengeneza sponji yake yenyewe, katika viwanda vilivyoko Aarup nchini Denmark na katika majimbo ya Virginia na New Mexico nchini Marekani, wakati majina mengi makubwa hununua sponji kwa wengine na kushona kitambaa tu.

Husemwa kwamba linahifadhi joto. Ni kweli, linahifadhi. Mimi nililizoea.

Nafasi ya pili: lateksi

Godoro la utomvu wa mpira lingeshika nafasi ya kwanza kama lingekuwa linabebeka. Njia ya Dunlop, iliyobuniwa mwaka 1929, huupiga utomvu mpaka utoe povu, ukamiminwa ndani ya kalibu na kupikwa. Kwa kuwa chembe nzito hutuama, upande mmoja wa tabaka hutoka mgumu kidogo kuliko mwingine. Njia ya Talalay huijaza kalibu kwa sehemu tu, povu likatanuliwa kwa kuondoa hewa, likagandishwa kwa baridi kali, kisha likapikwa, na tabaka linalopatikana huwa na ulaini unaolingana kotekote. Zote mbili hutoa kitu kizito, mara nyingi zaidi ya kilo 60 kwa mita ya ujazo, chenye mruko ambao poliyurethani haina.

Angalizo langu ni neno "asilia" kwenye lebo. Lateksi nyingi huwa imechanganywa na mpira wa viwandani, ambao si mbaya wenyewe, ila haustahili bei ya ule wa mti. Tena yapo magodoro yanayoitwa ya lateksi kumbe lateksi ni tabaka la sentimita mbili lililobandikwa juu ya sponji ileile nyepesi iliyonitoa machozi. Uliza unene wa kila tabaka, uandikiwe kwenye risiti.

Nafasi ya tatu: sponji ya kawaida, ikiwa nzito

Watu wanashangaa ninapoiweka juu ya springi. Godoro la poliyurethani lenye kilo 35 kwa mita ya ujazo, lisilo na chokaa wala mabaki, ni godoro la heshima, na ndilo ningelinunua kama nisingekuwa na Tempur. Hugeuzwa pande zote mbili, halipigi kelele, na likifika mwisho wa maisha yake hulegea kidogo kidogo pasipo kukuchimbia shimo ghafla. Lililobanwa na kukunjwa ndani ya boksi si baya kwa sababu ya boksi, bali huwa baya likikaa ghalani limebanwa kwa muda mrefu kupita ule uliowekwa na mtengenezaji. Tafuta tarehe ya kutengenezwa.

Nafasi ya nne: springi

Springi za mifuko, ambapo kila springi hushonewa kifuko chake na kubonyea peke yake, zilibuniwa na James Marshall nchini Kanada, naye akapata hataza mwaka 1900. Sina ugomvi nazo. Waya wa chuma huchoka polepole sana, na springi ni nadra kuwa chanzo cha bonde. Kinachokufa ni sponji iliyolazwa juu ya springi, tena ndiyo tabaka ambalo muuzaji hana habari nalo. Atakuhesabia springi elfu moja, atakuonyesha godoro lililokatwa ubavu kama mfano, lakini umwulize uzito wa zile sentimita tano za sponji ya juu uone atakavyohamisha macho. Hata hesabu yenyewe ina ujanja, kwa kuwa springi ndogo za tabaka la juu huongezwa kwenye jumla, na idadi kubwa mara nyingi humaanisha waya mwembamba. Tena chuma chenyewe hakitofautiani kama majina yanavyotofautiana: Leggett & Platt, kampuni iliyoanzishwa Missouri mwaka 1883, huuza springi kwa watengenezaji wengi wanaoshindana wao kwa wao.

Zamani bonde lilikuwa na dawa, yaani kuligeuza godoro. Mwaka 2000 kampuni ya Simmons ilileta godoro lisilogeuzwa, lenye upande mmoja tu wa kulalia, na wengine wakaifuata kwa haraka. Tuliambiwa kwamba tumepunguziwa kazi. Ninavyoona mimi, tulipunguziwa tabaka zima la sponji la upande wa chini na nusu ya maisha ya godoro, na bei haikushuka. Ukinunua springi, nunua lenye pande mbili za kulalia, ijapokuwa utalitafuta kwa taabu.

Kuhusu wanaotuuzia

Mwenye kutaka kulinganisha bei atajikuta anashindana na ukungu. Ni desturi ya muda mrefu katika biashara hii kwa kiwanda kutoa godoro moja chini ya jina tofauti kwa kila mwenye maduka, likibadilishwa rangi ya kitambaa au mshono wa juu, ili mnunuzi asipate jina lilelile katika maduka mawili. Hivyo ahadi ya kwamba "ukilipata kwa bei nafuu kwingine tutakurudishia tofauti" huwa haina hatari yoyote kwa anayeitoa. Punguzo nalo halikomi mwaka mzima, na bei isiyowahi kutozwa mtu haiwezi kuwa bei ya zamani.

Haisaidii kwamba wenye majina wanazidi kuwa wachache. Kampuni ya magodoro ya Sealy, iliyoanza mwaka 1881 katika mji wa Texas wenye jina hilohilo, ilinunuliwa na Tempur mwaka 2013. Mnamo Februari 2025 kampuni hiyo ya pamoja ikainunua Mattress Firm, mmiliki wa maduka mengi ya magodoro nchini Marekani, baada ya mahakama kukataa ombi la serikali la kuuzuia ununuzi huo, na sasa kundi zima huitwa Somnigroup. Serta na Simmons, majina mengine makubwa ya magodoro, nayo yako chini ya paa moja. Ninalisifu godoro la Tempur na sijalibadilisha, lakini sipendi kumwona mtengenezaji akiwa ndiye pia mshauri anayekupokea mlangoni mwa duka.

Kisha ipo dhamana. Soma kipengele cha kudidimia: kwa kawaida bonde huhesabiwa kuwa kasoro likifika milimita 25 au 38, likipimwa bila mtu juu yake. Sponji nyepesi iliyochoka hubonyea sana ukiilalia, na ukiinuka hujikusanya tena kiasi cha kuwa bonde linabaki la milimita 20, basi madai yako yamekufa. Doa moja la maji huweza kuifuta dhamana yote, na kitanda chenye chaga zilizoachana mno pia. Yangu ilikuwa ya miaka kumi, nami sikupata chochote.

Ya bei nafuu

Sponji iliyo chini ya kilo 20 kwa mita ya ujazo ni ya kitanda cha mgeni anayelala siku mbili. Kwa mwenye fedha kidogo ningependekeza godoro jembamba la sponji nzito badala ya nene la sponji nyepesi, kwani fedha ileile hununua sentimita kumi zitakazodumu au sentimita ishirini zitakazobonyea. Magodoro ya usumba ni magumu na hupitisha hewa vizuri. Godoro la sufi hudidimia upesi kuliko yote niliyoyataja, ila hilo likishadidimia hufumuliwa ubavuni, sufi ikaanikwa juani na kuchambuliwa mpaka ivimbe, ikarudishwa na kushonwa upya kwa sindano ndefu, bila kumwomba mwenye duka dhamana.