Wawili kwa mmoja: mwongozo wa kununua pivo wa ulinzi Lubumbashi

Timu yetu ya mpira wa kikapu ya Kenya (mtaa wa Kenya hapa Lubumbashi, si nchi ya Nairobi) imeletewa ofa. Jirani zetu wana pivo, yule mrefu anayecheza karibu na ringi, anayekaribia mita 2, mzuiaji wa kweli, na badala yake wanataka mchezeshaji wetu, anayegawa mipira, pamoja na kijana wetu wa mitupo ya mbali. Wiki nzima uwanjani hakuna habari nyingine. Nusu ya watu wanasema tutoe leo, nusu wanasema pivo asiyefunga ni mdomo wa ziada kwenye bukari, ugali wetu.

Mimi ni wa upande wa tatu: inategemea ni pivo wa aina gani. Nimewapanga wa aina nne, kuanzia yule ningemchukua bila kulala hadi yule nisiyemtaka hata bure.

Kwanza tuelewane kuhusu sheria, maana wengi wetu tunaamka saa nane usiku kutazama NBA, ligi ya Marekani, kwenye simu, halafu asubuhi tunapima wachezaji wetu kwa kipimo cha kule. Kule NBA mlinzi haruhusiwi kukaa ndani ya eneo la rangi, ule mstatili wa chini ya ringi, zaidi ya sekunde 3 bila kumkaba mtu kwa karibu. Sisi tunacheza kwa sheria za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, na humo sekunde 3 zinamhusu mshambuliaji peke yake. Pivo wetu anaweza kusimama chini ya ringi kama mlinzi wa geti toka mwanzo hadi mwisho, mwamuzi asiseme neno. Tena kwa FIBA, mpira wa mtupo ukishagusa ringi, mlinzi anaweza kuupangusa hata ukiwa bado unazunguka juu yake. NBA hairuhusu hivyo. Ongeza viwanja vyetu vya saruji visivyo na paa, na upepo wa Agosti unaopotosha mitupo ya mbali. Watu wanalazimika kuingia ndani, na ndani ndiko aliko yeye. Kwa hiyo kwetu mtu wa namna hii ana thamani kuliko wanavyodhani wapenzi wa pointi tatu.

Dosari ni faulo. FIBA inampa 5, si 6. Akifikisha 3 kabla ya mapumziko, mmenunua mtu wa kukaa benchi.

Wa kwanza: mkongwe anayeongea

Huyu hafurahishi macho. Haruki, anatembea kama mtu anayetoka shambani, lakini mshambuliaji akifika anamkuta tayari amesimama pale. Februari 2019 Toronto, timu ya NBA, walimchukua Marc Gasol kutoka Memphis akiwa na miaka 34. Walitoa Jonas Valančiūnas, Delon Wright, C.J. Miles na chaguo moja la raundi ya pili, yaani haki ya kuchagua chipukizi anayeingia ligi. Juni walikuwa mabingwa. Njiani Gasol alimkalia Joel Embiid wa Philadelphia kifuani mfululizo wa michezo saba, kwa miguu na akili tu.

Na Dikembe Mutombo wetu, Mkongo mwenzetu? Februari 2001, naye akiwa na miaka 34, Atlanta walimpeleka Philadelphia. Bei ilikuwa Theo Ratliff, aliyekuwa majeruhi, Toni Kukoč na wengine wawili. Msimu huohuo Mutombo alichaguliwa mlinzi bora wa ligi kwa mara ya nne na timu ikafika fainali. Walifungwa na Lakers 4-1, ndiyo, ila Philadelphia hawajarudi fainali tangu hapo.

Namna ya kumpima: kaa nyuma ya ringi ufumbe macho. Unamsikia? Mkongwe wa kweli anapiga kelele muda wote: "Kushoto! Skrini! Rudi!" Mlinzi bubu anajilinda mwenyewe, anayeongea anawalinda watano. Halafu muulize magoti. Saruji haina huruma, kwa hiyo mchukueni kwa msimu mmoja, na mazoezi mumpunguzie.

Wa pili: kijana wa ribaundi

Hapa siwezi kujifanya sina upande, kwa sababu Bismack Biyombo alizaliwa mji huu. Mei 2016, Toronto wakicheza na Cleveland ya LeBron James, Valančiūnas akiwa ameumia, Biyombo aliokota ribaundi 26, yaani mipira ya mitupo iliyokosa, katika mchezo mmoja. Toronto walikuwa wanamlipa kidogo kwa viwango vya NBA. Hiyo ndiyo bei nzuri ya mtu kama yeye: mikono mirefu, bidii, na hadai kupewa mpira.

Ila fuateni kilichotokea baadaye. Miezi miwili haikupita, Orlando wakampa mkataba wa dola milioni 72 kwa miaka 4, na mwaka 2018, kabla mkataba haujaisha, wakamhamisha. Mtoto wa nyumbani hakukosea kitu. Waliokosea ni wanunuzi waliolipia mwezi mmoja wa moto kana kwamba ni miaka kumi. Kijana wa namna hii mchukueni akiwa hajaimbwa bado. Mkimkuta tayari mtaa mzima unamwimba, bei imeshapanda.

Wa tatu: nyota wa bei yoyote

Mwaka 2022 Minnesota walimchukua Rudy Gobert kutoka Utah kwa wachezaji watano na chaguo nne za raundi ya kwanza. Tulicheka. Miaka miwili baadaye walikuwa na ulinzi bora kuliko timu zote na wakafika fainali ya kanda ya Magharibi, ambako hawakuwa wamefika tangu 2004. Kisha Luka Dončić akamvuta Gobert nje ya mstari wa pointi tatu na kumtupia mbele ya uso. Dallas wakashinda 109-108.

Ni mchezaji mkubwa, sibishi. Lakini timu iliyotoa kila kitu kwa mtu mmoja hubaki imekunja mikono siku kifundo chake kikiteguka.

Wa mwisho: mpiga makofi

Kila mtaa unaye. Anaruka kwa kila danganyo, anaupiga mpira hadi barabarani, watu wanashangilia, na mpira unabaki wa wapinzani. Msimlipie hata nauli ya basi.

Sasa ofa yetu. Mzee mmoja wa pale uwanjani ananikumbusha kila siku mwaka 1956, Boston walipotoa wawili, Ed Macauley na Cliff Hagan, wakapata nafasi ya kumchagua Bill Russell. Russell akawaletea ubingwa mara 11. "Wawili kwa mmoja, kijana wangu, kama hii yetu!" Ni kweli, mzee. Ila wawili hao waliwapa St. Louis, waliowapokea, ubingwa wa 1958, na waliofungwa kwenye fainali ni Boston haohao.

Kijana wa mitupo ningemtoa. Mchezeshaji hapana, kwa sababu pivo akishaokota ribaundi lazima awepo wa kumpa. Huyu wao nimemwona mara mbili: haruki ovyo, na sauti anayo. Lakini mara zote mbili timu yake ilikuwa ikiongoza. Jumamosi wanacheza na wagumu, nami nitakwenda kukaa nyuma ya ringi nimwone akiwa na faulo 3. Kura yangu itasubiri mpaka hapo.