Uyoga wa kahawia wa pakiti, gramu 250: uzoefu wangu wa kuupika Arusha

Ninaouzungumzia ni krimini, ule uyoga wa kahawia wenye vichwa vya mviringo unaouzwa supamaketi kwenye trei ndogo iliyofunikwa nailoni. Ladha yake nzuri, vipande vyake havivurugiki, ila bei inauma ukiilinganisha na ya uyoga wa mamama. Kama shida yako ni uyoga wa kutumbukiza tu kwenye rojo, chukua mamama ubaki na chenji. Krimini hulipa pale unapoukaanga mpaka ukabadilika rangi.

Mweupe, krimini na potobelo ni spishi moja, Agaricus bisporus. Krimini ni ule wa kahawia uliovunwa ukiwa bado mchanga, na ukiachwa kofia ikapanuka ndio huitwa potobelo. Ndani ya mchuzi wa nyanya na binzari, mimi siwezi kuapa kwamba naitambua tofauti ya krimini na mweupe. Kwenye kikaango naitambua.

Dukani geuza trei utazame chini. Kofia iliyobana kikonyo ni ya kukaa siku kadhaa. Iliyofunguka, ukaona chini yake zile kuta nyembamba zilizokoza rangi, si mbovu na hata ladha yake imezidi, ila ipike leo, na ujue italitia tui rangi ya majivu. Matone ya maji chini ya nailoni ni dalili mbaya, na vichwa vyenye ute usivichukue hata kwa punguzo. Hapo ndipo bidhaa hii inaponikera: ufungashaji. Uyoga unapumua, nailoni inazuia unyevu kutoka, ute unaanza. Ukifika nyumbani itoe, weka uyoga kwenye mfuko wa kaki, kisha rafu ya katikati ya friji. Hapo unakwenda siku tano hadi saba. Umeme ukikatika usiku kucha, upike asubuhi.

Kuosha kusikutishe. Watu husema uyoga unakunywa maji kama sponji, lakini ukisuuzwa haraka ukiwa mzima huchukua maji kidogo mno. Shida ni kuuloweka, au kuuosha baada ya kuukata. Suuza, kausha kwa kitambaa, kata ncha ngumu ya kikonyo. Kikonyo kilichobaki kinaliwa.

Sasa moto, maana wengi wanaharibu hapa. Uyoga huu zaidi ya asilimia 90 ni maji, na maji hayo yasipokwisha, joto la kikaango halipandi kupita la kuchemka, kwa hiyo kitu hakigeuki rangi. Kwa pakiti moja natumia kikaango kizito cha sentimita 28. Sufuria nyembamba ya aluminiamu inaunguza katikati huku pembeni pamepoa. Kata vipande vya milimita 6 hadi 8, kwani vyembamba zaidi vinasinyaa hadi kupotea. Weka uyoga na robo kikombe cha maji, moto mkubwa, koroga mara mojamoja. Kuongeza maji kwenye kitu cha maji kunaonekana kichekesho, lakini mvuke unazibomoa zile nafasi za hewa ndani ya uyoga, hivyo baadaye haunyonyi mafuta. Dakika tano hadi nane hivi maji yote yanakuwa yameisha na sauti inabadilika kutoka kutokota kuwa kuchachatika. Hapo ndipo unatia kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya alizeti, unatandaza vipande na kuviacha bila kuvigusa dakika mbili, geuza, dakika mbili tena.

Kitunguu kilichokatwakatwa kinaingia sasa. Vitunguu saumu punje mbili zilizopondwa na chumvi robo kijiko cha chai viingie dakika ya mwisho. Saumu ikitangulia inaungua na kuwa chungu, na chumvi ikitangulia inavuta maji nje, rangi inachelewa. Nyanya na limau visikaribie mpaka uyoga uwe umeshika rangi. Ukiwa na pakiti mbili, kaanga kwa awamu mbili. Ukirundika, unachemsha.

Usiogope kuupitiliza muda. Kuta za seli zake zina kaitini, kitu kigumu ambacho hakilainiki kwa joto jinsi kano za nyama zinavyolainika, ndiyo maana kipande kinabaki na ukinzani kidogo hata baada ya nusu saa jikoni. Kwa ndizi mshare za kupika hii ni faida kubwa. Chemsha ndizi zako kama kawaida, na uyoga uliokwisha kukaangwa uuingize dakika tano za mwisho pamoja na nusu kikombe cha tui zito, moto mdogo, bila kuacha tui litokote kwa nguvu likakatika. Kwenye mtori sishauri: ukiponda, ule ukinzani uliolipia unapotea. Kwa wali au chapati unatosha wenyewe na pilipili manga.

Pakiti ya gramu 250 inapungua karibu nusu ikiiva, kwa hiyo hesabu watu wawili, watatu kama kuna mboga nyingine. Mbichi usiigandishe kwenye friza, itatoka tepetepe. Iliyokaangwa inaganda vizuri mwezi mzima, ukiipoza kwanza na kuifunga kwa mafungu madogo.

Naipa 4 kati ya 5. Moja nimeikata kwa nailoni.