Kigongeo cha Morse cha zamani: uanze na kipi?

Anayeanza kukusanya vigongeo vya Morse vya nusu otomatiki, yaani vifaa vya kutumia ujumbe wa telegrafu kwa nukta na vistari, namshauri aanze na Original ya kampuni ya Vibroplex, ya baada ya Vita Kuu ya Pili. Horace Martin wa Marekani alipata hataza yake mwaka 1904, wakati mikono ya waendeshaji wa telegrafu ilikuwa ikikakamaa kwa kugonga kutwa. Kidole gumba kikisukuma wenzo, fimbo hutikisika na kutoa nukta mfululizo. Vistari unavitoa mwenyewe kwa kidole cha shahada. Original zilitengenezwa kwa wingi, na kampuni ipo hadi leo na inauza vipuri.

Ya pili naiweka Lightning Bug ya Vibroplex, ya 1927, pamoja na J-36, nakala yake iliyotumiwa na jeshi la Marekani. J-36 ninayoipenda ni ya Lionel, kiwanda cha treni za kuchezea kilichoingia kazi za vita.

Blue Racer, nayo ya Vibroplex, iliyotoka 1914, inapendeza mno, lakini kitako chake ni chembamba na chepesi, huteleza usipokibana mezani. Inunue kwa ajili ya kabati. Vigongeo vya Mmarekani Ted McElroy, aliyepokea maneno 75.2 ya Morse kwa dakika katika mashindano ya 1939, ni vizuri kweli, ila vipuri vyake ni shida. Subiri hadi jicho lako lizoee. Champion ya Vibroplex ni ya bei nafuu na haina swichi, inafaa kwa mazoezi.

Ukaguzi ndio kazi yenyewe. Mwombe muuzaji picha ya chini ya kitako na video ya fimbo ikitikisika. Nukta zisipungue kumi, tena zilingane. Zikikatika mapema, huenda ni marekebisho tu. Lakini springi iliyopinda au fimbo inayoyumba kwenye egemeo ni hasara. Hakikisha uzito wa kurekebisha kasi upo, kishikio cha kidole hakina ufa, na bamba lenye namba ya kiwanda halijang'olewa, maana namba hiyo ndiyo inayokusaidia kukadiria mwaka. Tazama pia vichwa vya skrubu. Vikiwa vimeliwa, kuna mtu aliyechokonoa ndani. Skrubu hizo si za vipimo vya milimita, kwa hiyo usitegemee kuzipata duka la kawaida la vifaa.

Kutu nyepesi juu ya nikeli isikutishe. Ninachokiogopa mimi ni kitako kilichopakwa rangi upya: mistari ya dhahabu ya zamani ikifunikwa, hairudi, na thamani inashuka nayo. Ukishakinunua, usiguse ncha za mguso, zile zinazokutana kupitisha umeme, kwa msasa wala tupa. Pitisha kipande cha karatasi safi katikati ya ncha hizo, uzibane kidogo, ukivute taratibu. Rudia mpaka karatasi itoke bila weusi.