MedlinePlus kwa mtafsiri wa maandishi ya afya: uzoefu wangu

Natafsiri vipeperushi na maelekezo ya wagonjwa, na tovuti ninayoitumia kila siku ni MedlinePlus. Ipo tangu 1998, chini ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani. Ni ya bure, haina matangazo, na huhitaji kujisajili ili usome.

Naitegemea kuliko kamusi kwa sababu moja: istilahi ya tiba huwezi kuichagulia neno kabla hujajua kinachotokea mwilini. Chukua mshtuko wa moyo na moyo kusimama ghafla. Ukisoma haraka utadhani ni kitu kimoja. Soma makala za magonjwa hayo, utaona kwamba kwenye mshtuko mshipa unaolisha misuli ya moyo umeziba, na mgonjwa aghalabu yuko macho, anajieleza, ameshika kifua. Moyo ukisimama mtu huanguka, hajitambui, na anahitaji kukandamizwa kifua papo hapo. Kipeperushi cha huduma ya kwanza kikivuruga hapo, ndugu aliyepiga magoti pembeni ya mgonjwa atafuata maelekezo ya tatizo jingine kabisa. Mimi jambo hili huninyima raha, na ndiyo maana sianzi kutafsiri aya kabla sijasoma makala yake.

Wana pia somo fupi la kuelewa maneno ya kitabibu, linalokufundisha kuyachambua kipande kwa kipande. Ukishazoea mtindo huo, kolektomi na kolostomi hazikusumbui tena: ya kwanza ni kuondoa utumbo mpana au sehemu yake, ya pili ni kutoa utumbo hadi kwenye ngozi ya tumbo ili choo kiingie kwenye mfuko. Mgonjwa wa pili anarudi nyumbani akihitaji kufundishwa kubadilisha mfuko na kutunza ngozi inayouzunguka. Makala nyingi za ensaiklopidia yao zina pia sehemu ya majina mengine ya ugonjwa huohuo, na hiyo huokoa muda mno pale barua ya daktari inapotumia jina moja na kipeperushi jingine.

Uwe macho na vipimo. Tovuti imeandikwa kwa ajili ya Wamarekani, kwa hiyo sukari ya damu huandikwa kwa mg/dL (miligramu kwa desilita), wakati hospitali nyingi za kwetu husoma mmol/L (milimoli kwa lita). Gawanya kwa 18: 126 ya kule ni 7.0 ya huku. Usinakili namba kama ilivyo.

Maandishi ya Kiswahili yamo, ila ni machache kuliko ya Kiingereza na Kihispania, na yametoka kwa taasisi mbalimbali, hivyo istilahi zake hazifanani. Nayasoma kuona wenzangu wamefanyaje, siyachukui kama kipimo.

Na kuna kitu ambacho tovuti yoyote haitakupa: namna mgonjwa mwenyewe anavyosema. Kwa hilo nauliza zahanati.

"Shikamoo sista. Wagonjwa wako hii wanaiitaje?"

"Marahaba. Hiyo ni presha ya kupanda. Ukiwaambia shinikizo la damu, wengine watakuuliza ni lile la kupanda au la kushuka."

Siku hizi naandika yote mawili, shinikizo la juu la damu, yaani presha ya kupanda, kisha naendelea na presha hadi mwisho wa ukurasa.