Demon Slayer: ingieni kwa ajili ya wale wa pembeni

Wakuu, kama upo Arusha au Moshi na kuna mtu kakwambia uangalie Demon Slayer, ile katuni ya Kijapani (anime), kwa sababu ya mapigano, ni kweli mapigano ni makali na ile studio ya ufotable iliyoitengeneza ni watu hatari, ila mi nakushauri uingie kwa ajili ya watu wa pembeni. Tanjiro ni dogo mzuri sana, mpole, ana huruma, ana pua inayonusa mpaka hasira ya mtu, lakini Tanjiro ukishamwona zile episodi za mwanzo umeshamjua, atabaki vilevile. Wanaokukera leo halafu wiki ijayo unawalilia ni waliomzunguka, na hao ndo wanaofanya bando lako liende kihalali.

Kwa ambao hamjui kabisa, imetoka kwenye manga, yaani hadithi ya michoro ya Kijapani, ya Koyoharu Gotouge iliyoanza 2016 kwenye jarida la Weekly Shonen Jump ikaisha 2020, vitabu 23. Ni Japani ya zama za Taisho, miaka ya 1910 hivi, kuna mazimwi yanakula watu usiku na yakipigwa na jua yanaungua, na kuna kikosi cha wapiga panga kinayawinda ambacho hata serikali haikitambui. Tanjiro anauza mkaa, siku moja anarudi nyumbani mlimani anakuta familia imeuawa na mdogo wake Nezuko kageuzwa zimwi, basi anambeba kwenye boksi mgongoni akitafuta namna ya kumrudisha kuwa mtu. Sizoni ya kwanza ilitoka 2019, episodi 26. Basi, stori ni hiyo, sio ngumu.

Sasa Zenitsu, mpiga panga mwenzake Tanjiro. Naanza na yeye kwa sababu ndo anayefukuza watu, najua washkaji kibao walioacha palepale anapotokea barabarani kamng'ang'ania binti wa watu analia anataka waoane. Analia, anapiga makelele, anaogopa kila kitu, na hiyo tabia ya kuwaganda wasichana inachosha kweli na haiishi, hapo simtetei hata kidogo. Ila vumilia mpaka ile nyumba yenye ngoma. Zenitsu ana masikio ya ajabu, alisikia mapema tu kwamba ndani ya boksi la Tanjiro kuna zimwi, akanyamaza. Halafu anakuja Inosuke, mpiga panga mwingine wa kikosi, na mapanga yake mawili anataka kulichoma lile boksi, na huyuhuyu mwoga analikumbatia, anapigwa mateke mpaka uso umejaa damu, upanga wake hautoi, kisa Tanjiro alimwambia kilichomo humo ni muhimu kuliko uhai wake. Nilipofika hapo nilisimamisha nikaenda kunywa maji kwanza.

Na Natagumo je, ule mlima wa buibui? Kashapigwa sumu, nywele zinapukutika, mwili unageuka buibui taratibu, halafu tunarudishwa nyuma kwa mwalimu wake, mzee Jigoro mwenye mguu mmoja. Mtindo wa Radi, ndo mtindo wa kupigana aliofundishwa, una mapigo sita, Zenitsu kaweza moja tu, la kwanza, mengine yote yamemshinda. Mzee hakumfukuza, alimwambia kama unaweza moja basi lifue hilo moja mpaka mwisho kabisa. Na kweli kule mlimani anasinzia kwa hofu, maana yeye hupigana akiwa usingizini, halafu analipiga pigo hilohilo moja mara sita mfululizo, radi tupu. Mi nina wadogo zangu walioambiwa shuleni kwamba ni wazito, nimewaonesha hicho kipande makusudi kabisa.

Inosuke mwenyewe kalelewa na nguruwe pori, anavaa kichwa cha nguruwe, majina ya watu hayashiki, hata Tanjiro yeye humwita Gonpachiro mara Monjiro, na mwanzoni unaweza kumwona ni wa kuchekesha tu. Angalia anavyoshangaa akitendewa wema, yule bibi wa nyumba ya maua anampa chakula na nguo safi na yeye hajui afanye nini na ile hali anayoisikia kifuani, hakuna aliyewahi kumfundisha. Waandishi wengi wangemwacha kuwa kituko mpaka mwisho, huyu Gotouge anamkuza kidogokidogo bila kumtolea hotuba.

Halafu tuje kwa Rengoku, mmoja wa wapiga panga wakubwa wa kikosi, na hapa kama hujaangalia muvi ya Mugen Train ruka hii aya na inayofuata. Rengoku ni yule baba mdogo anayepanda Moshi Desemba, ukisikia sauti getini unajua kafika, anakula kwa kelele na kusifia kila tonge, anawaita watoto wote kwa majina na ukikaa karibu naye unajisikia uko salama. Kwenye treni anakula maboksi ya chakula akipiga kelele "Umai!", yaani tamu, kila tonge na unasema huyu jamaa vipi. Dakika chache baadaye treni nzima imegeuka zimwi, mabehewa manane, anagawa kazi palepale, Zenitsu na Nezuko walinde matatu, yeye peke yake matano, na abiria kama 200 wanatoka hai wote. Ndo anakuja Akaza, zimwi jingine lenye nguvu za kutisha. Akaza anamwomba ageuke zimwi aishi milele, anamwomba tena na tena, na Rengoku kila mara anakataa, mbavu zimevunjika, jicho moja limekwenda, bado anakataa, kwa sababu mama yake alimwambia akiwa mdogo kwamba aliyezaliwa na nguvu kazi yake ni kuwalinda wasio nazo. Ana muda mfupi sana kwenye stori nzima, ukijumlisha ni muvi moja na vipande, lakini wote wanaobaki wanatembea na maneno yake mpaka mwisho.

Niliiona hiyo muvi kwenye kibanda umiza kimoja Ngarenaro, sehemu ambayo watu wamezoea mpira na muvi za kutafsiriwa, nikadhani machalii watalalamika kusoma maandishi chini. Wapi! Jua lilipoanza kutoka na Akaza akakimbilia msituni, watu walimzomea, na Tanjiro alipomtupia upanga akamwita mwoga, akalia kwamba Rengoku hajashindwa, kuna jamaa wa makamo pembeni yangu alikuwa anafuta macho na hakujificha. Hiyo muvi ilitoka 2020 ikavunja rekodi ya mauzo ya sinema Japani nzima na mi naamini ni Rengoku aliyeuza zile tiketi. Na Inosuke pale mwisho! Analia chini ya kile kichwa cha nguruwe, machozi yanachuruzika mpaka nje, huku anawafokea wenzake wasilie.

Shinobu nampenda kwa sababu nyingine. Ni mdogo wa mwili, hana nguvu ya mkono ya kukata shingo ya zimwi, na kwenye ulimwengu huo zimwi halifi mpaka ukate shingo kwa ule upanga maalumu au lipigwe na jua, yaani kwa maelezo yote hakupaswa kuwa kwenye kikosi. Yeye akaunda sumu kwa maua ya wisteria yanayochukiwa na mazimwi, upanga wake ukatengenezwa wa kuchoma tu, akapanda mpaka akawa nguzo, ndo wale wakubwa tisa wa kikosi. Anatabasamu muda wote, na usiku ule juu ya paa anapoongea na Tanjiro ndo unajua lile tabasamu ni la dada yake aliyeuawa na zimwi, na ndani yake kuna hasira isiyolala. Nyumbani kwake kuna Kanao anayerusha sarafu kuamua hata vitu vidogo, na kuna Aoi ambaye hata kwenye mabango hawekwi, alifaulu mtihani wa kikosi akaogopa kwenda vitani, sasa anahudumia wagonjwa na anajidharau. Tanjiro anamwambia kwamba waliosaidiwa naye wanambeba hadi vitani, sekunde chache tu, ila wauguzi na dada zetu wanaofua mashuka ya wagonjwa watalielewa hilo kuliko mimi.

Genya wengi mnamruka na sio haki. Mwanzo anatokea kama mhuni, kamshika nywele mtoto wa kike anadai upanga, Tanjiro anamvunja mkono na unafurahi. Baadaye kwenye kijiji cha wafua panga, sizoni ya 2023, tunaambiwa hawezi kabisa ile mitindo ya kupumua inayowapa wapiga panga nguvu, kama ule wa Radi, hana kipaji hicho, kwa hiyo anakula nyama ya mazimwi ili apate nguvu yao kwa muda, anabeba na bunduki. Yote hayo kwa sababu anataka afike alipo kaka yake Sanemi amwombe msamaha. Mama yao aligeuka zimwi akaua wadogo zao, Sanemi akalazimika kumuua mama, na Genya akiwa mtoto alimwona kaka yake na damu akamwita muuaji bila kujua. Kaka na mdogo wako kikosi kimoja na mkubwa anajifanya hamjui. Hiyo ni familia, watu wanaishi hivyo miaka.

Mazimwi yenyewe nayo yamepewa heshima, hiki ndo kitu sijaona sehemu nyingi. Kyogai yule wa ngoma alikuwa mwandishi aliyedharauliwa, na Tanjiro katikati ya pigano anakwepa kukanyaga karatasi zake. Rui kule Natagumo kalazimisha mazimwi mengine yawe baba, mama na ndugu zake, anawatesa wakikosea, na akifa anakumbuka wazazi wake wa kweli, Tanjiro anamwekea mkono mgongoni na kumkatalia Giyu, mmoja wa nguzo, anayeikanyaga nguo iliyobaki. Gyutaro na Daki sitawasimulia, hao kaa uwaone mwenyewe, ila ukiwa na mdogo wako wa kike jiandae. Shida yangu hapa ni kwamba kumbukumbu zao nyingi zinakuja zimwi likishakatwa shingo, mara ya kwanza inakuchoma, ukifika sizoni ya tatu unaanza kuihisi inakuja, natamani baadhi tungezijua mapema.

Malalamiko mengine. Nezuko ananyimwa sana, kafungwa mwanzi mdomoni, haongei, yupo kwenye boksi, na kila anapopata nafasi anaonesha kwamba angeweza kubeba zaidi. Wake watatu wa nguzo mwingine, Uzui, yaani Makio, Suma na Hinatsuru, ni wapelelezi waliofunzwa, ni wao walioingia kwanza kwenye mtaa wa starehe peke yao, lakini muda mwingi wanawekwa wa kuokolewa au wa kugombana, Hinatsuru tu ndo anapata tukio la maana. Na Mitsuri, naye nguzo, mwanamke mwenye nguvu kuliko wanaume wengi humo, kwanini nguo yake iwe vile? Hilo liliniudhi na bado linaniudhi.

Kuna vidogo vinavyofidia. Haganezuka fundi wa upanga anamkimbiza Tanjiro na visu kwa kuvunja upanga wake, unacheka, halafu siku kijiji kinavamiwa zimwi linamkatakata mwilini na yeye haachi kunoa, hainui hata kichwa. Na kila mpiga panga ana kunguru wake anayeongea, Zenitsu peke yake kapewa shomoro.

Kuhusu kuipata, wengi tunawekewa kwenye flashi, na hapo kuweni makini na mpangilio. Kijana mmoja anayeweka muvi mjini aliniwekea sizoni ya kwanza akaunganisha moja kwa moja na mtaa wa starehe, Mugen Train haimo. Ukianza hivyo unamkuta Tanjiro na majeraha yake anaenda nyumbani kwa kina Rengoku, anakuta baba mlevi na mdogo wake Senjuro, na wewe huelewi nani kafa. Mwambie akupe hivi: sizoni ya 2019, kisha Mugen Train iwe muvi au zile episodi 7 za 2021, yoyote moja inatosha, kisha mtaa wa starehe episodi 11, kijiji cha wafua panga 11, mazoezi ya nguzo 8 za 2024, ndo uingie muvi ya Infinity Castle iliyotoka Julai 2025, ya kwanza kati ya tatu. Yale mazoezi ya nguzo watu wanasema yanaboa, yanaenda polepole ni kweli, ila msiruke, ndo sehemu pekee Giyu anafungua mdomo kusema kwanini anajiona hastahili kuwa nguzo.

Sauti chukueni ya Kijapani na maandishi chini. Hiro Shimono anayeigiza Zenitsu anatoka kwenye kulia kwa makelele hadi ile sauti ya chini kabisa kabla ya radi, mtu mmoja huyohuyo, na Akira Ishida kwenye Akaza anaongea kwa upole unaotisha. Kwenye Kiingereza sio mbaya ila unapoteza hayo.

Na wazazi, kwa sababu imechorwa watu wanadhani ni ya kuwaachia watoto sebuleni mkienda sokoni. Hapana. Episodi ya kwanza tu kuna mama na watoto wameuawa, damu imetapakaa, na huko mbele vichwa vinakatwa kila mara. Dogo wa la pili au la tatu mwacheni kwanza, wa sekondari kaeni naye muangalie pamoja, hasa zile za Rui na za Genya, ataanza mwenyewe kuuliza maswali.